Vibaraza vya Kando ya Barabara: Mwongozo wa Afya kwa Familia za Seattle na Kaunti ya King

Katika mitaa kadhaa ya Seattle, mahali ambapo zamani yaliegeshwa magari, leo pana jukwaa la mbao, viti, meza na masanduku ya maua. Baadhi ya wakazi hupita hapo kila siku bila kuketi, kwa kudhani kwamba viti hivyo ni vya wateja peke yao. Wengine huketi na watoto wao bila kufahamu hatari chache ambazo ni rahisi kuziepuka. Kipeperushi hiki kinaeleza mahali hapa ni pa nani, panafaa nini kwa afya ya familia yako, na ni mambo gani ya kuangalia kabla ya kuketi. Sehemu ya mwisho ni kwa ajili ya familia zinazomiliki mkahawa au duka la vyakula.

Kwa urahisi, tunapaita mahali hapa kibaraza. Jambo la msingi la kukumbuka ni hili: kibaraza kina manufaa kwa afya kikiwa wazi. Kiwe wazi kwa watu, kiwe wazi kwa hewa, na kiache njia wazi.

Vibaraza hivi vilianza vipi?

Mwezi wa Novemba 2005, kikundi cha wabunifu kiitwacho Rebar, mjini San Francisco, kililipia nafasi moja ya maegesho kama afanyavyo dereva yeyote. Badala ya kuegesha gari, wakatandika nyasi, wakaweka benchi na mti, na wapita njia wakaketi. Muda waliolipia ulipokwisha, wakaondoa kila kitu. Tendo hilo la saa mbili liliwafanya watu wengi wajiulize kwa nini nafasi hiyo ya barabara iwe ya gari moja tu, ilhali inatosha kukaliwa na watu kadhaa. Mwaka 2010 San Francisco ilianza kujenga vibaraza vya kudumu zaidi, na Seattle ikaanza majaribio yake mwaka 2013.

Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipozuia watu kula ndani ya mikahawa, Jiji la Seattle lilitoa vibali bila malipo ili wafanyabiashara waweze kuwahudumia wateja nje. Baada ya janga, Jiji liliweka utaratibu wa kudumu wa vibali vyenye ada na masharti.

Vina faida gani kwa afya?

Kwanza ni hewa. Virusi vya mafua na vya UVIKO-19 huenea kwa urahisi zaidi katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa pumzi ya mgonjwa hubaki humo na kuvutwa na wengine. Nje, upepo huitawanya pumzi hiyo upesi. Kwa familia yenye mzee, mtoto mchanga au mtu mwenye maradhi sugu, kuketi nje hupunguza hatari, ijapokuwa hakuiondoi kabisa.

Pili ni mapumziko. Mzee ambaye miguu yake huchoka haraka hutoka nyumbani mara nyingi zaidi akijua kwamba kuna mahali pa kuketi katikati ya safari. Kutembea huko, hata kama ni kwa umbali mfupi, husaidia moyo, shinikizo la damu na sukari.

Tatu ni kuonana na watu. Mwaka 2023 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa tahadhari rasmi kwamba upweke huongeza hatari ya maradhi ya moyo, kiharusi na sonona. Walioishi Lamu, Mombasa au Unguja wanajua kazi ya baraza ya mawe mbele ya nyumba: hapo mtu hujuliwa hali, na asiyeonekana siku mbili huulizwa. Mhamiaji anayeishi katika ghorofa ya nne, na ambaye jirani zake hawajui jina lake, anahitaji mahali pa namna hiyo hata zaidi.

Kiwe wazi kwa watu: nani anaruhusiwa kuketi?

Kuna vibaraza vya aina mbili, na ni muhimu kuvitofautisha.

Kibaraza cha umma ni cha kila mtu, hata kama kilijengwa na kinatunzwa na mfanyabiashara aliye mbele yake. Huhitaji kununua kitu, wala huhitaji kuonyesha kitambulisho. Unaweza kula chakula ulichotoka nacho nyumbani. Kwa kawaida huwekwa kibao kinachosema kwamba viti ni vya umma.

Kibaraza cha mkahawa hutumiwa na wateja wa mkahawa wakati wa saa za kazi. Utakitambua kwa meza zilizoandaliwa, orodha ya vyakula na wahudumu. Kama huoni kibao na huna hakika, uliza kwa upole: “Je, viti hivi ni vya umma?” Hilo ni swali la kawaida, na halina aibu.

Ukiwa mteja, unastahili huduma sawa na wengine. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza mikahawa kumnyima mtu huduma au kumtenga kwa sababu ya rangi, dini au asili ya taifa lake. Mwanamke aliyevaa hijabu hapaswi kuhamishiwa meza ya nyuma kwa sababu ya vazi lake. Aidha, sheria za Jimbo la Washington zinalinda haki ya mama kumnyonyesha mtoto wake mahali pa umma, ikiwa ni pamoja na mikahawa. Ukitendewa kinyume cha haki hizi mjini Seattle, unaweza kupeleka malalamiko katika Ofisi ya Haki za Kiraia ya Jiji la Seattle.

Familia nyingi huuliza pia kuhusu pombe. Kunywa pombe mahali pa umma kumekatazwa katika jimbo hili. Mkahawa wenye leseni unaweza kuuza pombe katika eneo lake la nje lililoruhusiwa.

Kiwe wazi kwa hewa: moshi, joto na gesi

Sheria ya jimbo inakataza kuvuta sigara ndani ya futi 25, yaani takriban mita 7 na nusu, kutoka kwenye mlango, dirisha linalofunguka au tundu la kuingizia hewa la jengo la umma au mahali pa kazi. Kwa kuwa vibaraza vingi viko karibu na milango ya mikahawa, mara nyingi vimo ndani ya umbali huo. Una haki ya kumwomba mhudumu akukumbushie jirani sheria hiyo.

Wakati wa baridi, baadhi ya mikahawa huzungushia vibaraza mapazia ya plastiki. Kibaraza kilichozibwa pande zote ni sawa na chumba: hewa haipiti, na faida tuliyoitaja hapo juu hupotea. Chagua mahali ambapo angalau pande mbili ziko wazi kabisa.

Pana hatari kubwa zaidi. Hita za gesi, majiko ya mkaa na jenereta hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na huua. Mwezi wa Desemba 2006, dhoruba ilipokata umeme katika Kaunti ya King, mamia ya watu waliugua na baadhi wakafariki kwa sababu ya mkaa na jenereta zilizowashwa ndani ya nyumba. Wengi wao walikuwa wahamiaji waliokuwa wakijitafutia joto. Kwa hiyo:

• Usiketi karibu na hita ya gesi mahali palipozibwa.
• Usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, ndani ya gereji au ndani ya hema, hata kama dirisha limefunguliwa.
• Ukihisi kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, toka mara moja mahali penye hewa safi, kisha piga simu 911.

Kuna siku ambazo hewa ya nje yenyewe haifai. Mwezi wa Oktoba 2022 moshi wa moto wa misitu uliufunika mji wa Seattle kwa siku kadhaa. Kabla ya kutoka nje siku yenye moshi, angalia kipimo cha ubora wa hewa, kiitwacho AQI. Kuanzia 0 hadi 50, hewa ni nzuri. Kikifika kati ya 101 na 150, watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu au maradhi ya moyo wapunguze muda wa kukaa nje. Kikizidi 150, ni vyema kila mtu abaki ndani na kufunga madirisha.

Jua kali nalo lina hatari. Tarehe 28 Juni 2021 joto la Seattle lilifika nyuzi 108 za Farenhaiti, yaani nyuzi 42 za Selsiasi. Siku za joto keti kivulini, kunywa maji mara kwa mara, na usimwache mzee peke yake kwenye jua.

Kiache njia wazi: usalama wa watoto na watu wenye ulemavu

Kibaraza kimejengwa juu ya barabara, na magari hupita karibu sana. Ingieni na kutoka kupitia upande wa njia ya waenda kwa miguu pekee. Waketisheni watoto upande ulio mbali na magari. Msiwaruhusu kupanda juu ya uzio au kucheza mpira hapo.

Meza, viti, baiskeli na vigari vya watoto visizibe njia. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inataka mtu anayetumia kiti cha magurudumu aweze kupita na kuketi kama wengine. Kwa jumla, njia ya kuifikia meza iwe na upana usiopungua inchi 36, yaani sentimita 91. Asiyeona anayetembea kwa fimbo nyeupe hawezi kujua kwamba kiti kimesogezwa mpaka akigonge. Ukimaliza kukaa, rudisha kiti ulipokikuta.

Chakula na usafi

• Nawa mikono kwa maji na sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kula.
• Usile chakula kinachoharibika upesi, kama vile nyama, wali au maziwa, kikiwa kimekaa nje kwa zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 90 za Farenhaiti, muda huo ni saa 1.
• Zoa makombo na uyatie ndani ya pipa lenye kifuniko. Panya hupenda kuishi chini ya majukwaa ya mbao yenye mabaki ya chakula.
• Tazama kibandiko chenye picha ya uso karibu na mlango wa mkahawa. Kinaonyesha matokeo ya ukaguzi wetu wa usafi wa chakula: kadiri uso unavyotabasamu, ndivyo mkahawa ulivyofanya vizuri zaidi.

Ikiwa familia yako ina mkahawa

Kibaraza kinaweza kuongeza kipato cha biashara ndogo yenye chumba kidogo. Hata hivyo, usijenge wala usiweke meza barabarani kabla ya kupata kibali cha Idara ya Uchukuzi ya Jiji la Seattle, SDOT. Usitegemee maelezo ya mwaka 2020, kwani vibali vya bure vya wakati ule vimekwisha. Kibali cha barabara hakichukui nafasi ya kibali cha chakula kinachotolewa na idara ya afya, wala leseni ya pombe inayotolewa na jimbo. Kabla ya kutumia hita ya gesi au hema kubwa, wasiliana na Idara ya Zimamoto.

Kila anayeshika chakula lazima awe na kadi ya mhudumu wa chakula ya Jimbo la Washington, hata kama ni ndugu anayesaidia mwishoni mwa juma. Chakula baridi kihifadhiwe kwenye nyuzi 41 za Farenhaiti au chini yake, na chakula cha moto kwenye nyuzi 135 au zaidi, hadi kitakapopelekwa mezani. Acha mfereji wa ukingo wa barabara upitishe maji ya mvua chini ya jukwaa, na uusafishe mara kwa mara.

Ukiweza, weka benchi moja kwa ajili ya mpita njia asiyenunua kitu. Mzee atakayepumzika hapo leo ni jirani wa biashara yako.

Msaada

Ukiona uzio uliovunjika, ubao uliooza au njia iliyozibwa, lijulishe Jiji la Seattle kwa simu 206-684-2489 au kwa programu ya simu iitwayo Find It, Fix It. Kwa taarifa za huduma za kijamii, piga 211. Hatari ya maisha ikitokea, piga 911. Unapopiga simu, sema “Swahili” na utaje namba yako ya simu, kisha usubiri mkalimani. Huduma ya mkalimani haitozwi malipo. Usimtumie mtoto wako kuwa mkalimani katika mambo ya afya.