Mbona Mtoto Hajawekewa Maji ya Kutosha?

Miaka michache nyuma nilikesha na dada yangu kwenye wadi ya watoto. Mwanawe alikuwa anachemka kwa homa, lakini mikono na nyayo zimepoa. Daktari, msichana mdogo kwa umri, alimchoma dawa ya malaria, kisha akamwekea dripu iliyodondoka pole pole. Mama yetu hakuvumilia. "Maji gani haya ya kuhesabu? Si uyafungue yaingie!" Nami nikamuunga mkono, tena kwa sauti.

"Mama, nikiyafungua naweza kumdhuru," alijibu daktari.

Nilidhani ni ubahili wa hospitali. Mtoto alipona, alhamdulillahi, na baadaye niliposoma habari hii niliona haya. Sababu ya jibu lile ilipatikana hapa hapa petu, Kilifi.

Kwa muda mrefu daktari wa watoto alifanya kazi kwa mwongozo ulioandikwa mbali. Huko Ulaya na Marekani, mtoto mwenye homa kali ambaye damu imeanza kutozunguka vizuri hujazwa maji mengi ya mshipani kwa haraka. Wadi zao zina mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha. Zetu mwazijua. Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya utafiti Kilifi, pamoja na wenzake wa Uganda na Tanzania, wakauliza swali ambalo halikuwa limejibiwa: je, tiba hii yawafaa watoto wa huku?

Utafiti ulianza 2009 katika hospitali sita: Kilifi, Muheza upande wa Tanga, na nne za Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata dawa na maji ya kawaida ya pole pole, ila baadhi waliongezewa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa haraka. Kila mtu alitarajia hawa ndio watakaopona zaidi. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Kati ya waliojazwa maji, kama 10.5 katika kila 100 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya wasiojazwa, 7.3. Yaani watoto watatu zaidi katika kila mia, kwa kitu tulichokiita msaada.

Wapo wanaosema watoto wetu walifanyiwa majaribio. Kweli walifanyiwa, na mzazi aliyefika na mtoto mahututi mara nyingine aliombwa ridhaa ya mdomo kwanza, karatasi ikafuata. Hilo lastahili kujadiliwa. Lakini kuwajazia watoto maji miaka nenda miaka rudi bila kujua kama yanawaua, hilo nalo ni jaribio, tena lisilo na daftari.

Kinachoniudhi mimi ni mwendo wa wakubwa. Matokeo yalichapishwa 2011, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake 2016. Miaka mitano! Siku hizi mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka, bila kukaukiwa maji, hajazwi maji kwa haraka. Daktari wa watoto amekuwa pia mtu wa kuuliza kama tiba aliyofundishwa ni ya kweli, na jibu la Kilifi sasa linafuatwa mbali na Kilifi.

Tahadhari moja, msije mkachanganya. Watoto waliokuwa wakiharisha hawakuingizwa katika utafiti ule. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha hadi kulegea, maji ya haraka bado ndiyo uhai wake. Mwenye utapiamlo mkali naye ana kanuni zake mbali. Kwa hivyo ukifika hospitali, kabla hujaanza kudai dripu kama nilivyofanya mimi, mwambie daktari kama mtoto ameharisha au kutapika, mara ngapi, na tangu lini.