Mshale Usio na Neno

Mtahiniwa wa Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hupewa saa 1 na dakika 45 aandike insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400. Walimu wengi humshauri aanze kwa kuchora: duara katikati, mada ndani yake, kisha mistari inayotawanyika kama miguu ya buibui, kila mmoja na hoja yake. Ushauri ni mwema, ila unaishia njiani. Buibui hukusanya hoja bila kuzihusisha, na anayeandika kwa kumtazama huishia kwenye kwanza, pili, tatu, zaidi ya hayo, mpaka maneno 400 yatimie. Hoja hukaa kama abiria wa matatu, bega kwa bega na hazijuani. Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, watafiti wa Kanada, waliieleza hali hii mwaka 1987: mwandishi mchanga humwaga anachokijua kadiri kinavyomjia, ilhali aliyekomaa huyafinyanga upya maarifa yake anapoandika.

Kinachokosekana ni mshale kati ya hoja na hoja, na neno juu yake. Joseph Novak na wenzake, waliobuni ramani za dhana katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1970, walichunguza jinsi watoto wanavyoielewa sayansi, wala hawakuwa na habari ya insha. Hata hivyo sharti lao, kwamba kila mstari ubebe neno la kueleza uhusiano, linamfaa mwandishi mno. Chukua mada ya ukataji wa miti. Buibui atatoa mkaa, mmomonyoko wa udongo, mavuno hafifu na umaskini, kila kimoja upande wake. Mwambie mwanafunzi aunganishe na aandike neno. Umaskini humsukuma mtu achome mkaa. Mkaa humaliza miti. Udongo ulioachwa wazi husombwa na mvua. Shamba lililosombwa halizai. Lisilozaa hurudisha umaskini. Mshale wa mwisho umefunga duara, na hapo ndipo insha inapopata hoja: kupiga marufuku mkaa bila kumpa mkulima riziki nyingine hakukati mzunguko huo. Hoja hiyo haikuwa kwenye mguu wowote wa buibui. Na maneno ya mishale hugeuka kuwa viunganishi vya aya zenyewe: kwa sababu, hivyo basi, licha ya.

Watasema muda hautoshi. Dakika tano za kuchora kati ya hamsini na ushee za kila insha si nyingi zikilinganishwa na zile zinazopotea mwanafunzi akikwama aya ya tatu. Pingamizi zito zaidi linatokana na mwanasaikolojia Ronald Kellogg, ambaye majaribio yake ya mwaka 1988 yalionyesha kuwa mpango wa kichwani unaweza kufaa sawa na wa karatasini. Nakubali, lakini aliowapima walikuwa wanafunzi wa chuo. Kijana wa sekondari bado anapambana na upatanisho wa kisarufi, tahajia na msamiati kwa wakati mmoja. Kumbukumbu yake imeelemewa, na karatasi humtua sehemu ya mzigo. Isitoshe, mpango wa kichwani haumsaidii mwalimu mwenye darasa kubwa. Mchoro ulio mezani humwonyesha kwa mtazamo mmoja mshale uliokosa neno, naye huuliza, "Hiki kinaletaje kile?" kabla sentensi ya kwanza haijaandikwa.