Karura si ya Picha za Insta Pekee: Msakie Wangari Kikopo

Maze, kama Karura kwako ni maporomoko na picha za Insta tu, kuna gemu inaitwa geocaching. Mse anaficha kikopo kisichoingiza maji, ndani kuna kadaftari. Anaweka namba za mahali kwa apu, wewe unafuata GPS ya simu hadi ukipate. Unaandika jina, unakirudisha palepale. Ilianzia Marekani mwaka wa 2000.

Sasa cheki. Januari 1999, Wangari Maathai alienda Karura kupanda miti, juu vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa mabwenyenye wajenge. Walinzi wa kukodishwa wakamchapa, kichwa kikapasuka. Alipofika kwa polisi kuripoti, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. 2004 akabeba Nobel. Hiyo ndiyo stori ya kuandika kwa ukurasa wa kikopo chako, mtu aisome akiwa amesimama kwa hiyo ardhi, halafu naye atie sahihi. Yake ni ya biro tu.

Ila usichimbe. Sheria za gemu zinakataza kuzika, na mizizi ya Karura imeona mengi. Pia omba wasimamizi wa msitu ruhusa kwanza. Hii Nairobi, kikopo kisicho na mwenyewe kinaitiwa makarao.