Mkahawa wa Kujihudumia na Soko Lake: Mfano wa Olkaria

Makala haya yanadhamiria kueleza ni wapi mkahawa wa kujihudumia hupata soko na ni wapi hulikosa. Mfano wetu ni Olkaria, katika Kaunti ya Nakuru.

Tuanze na istilahi. Kujihudumia si sawa na kujipakulia. Katika mkahawa wa kujihudumia, mlaji hushika sinia, hupanga foleni, hulipa na kujitafutia meza. Lakini anayepakua ni mpishi, na upawa wake ndio unaolinda faida. Mlaji akijipakulia mwenyewe kwa bei moja, mwenye mkahawa ndiye abebaye hatari ya hasara.

Mtindo huu una manufaa mawili: hupunguza gharama ya wahudumu na hulisha wengi kwa muda mfupi. Nchini Kenya, ambako ujira wa mhudumu ni mdogo, manufaa ya pili ndiyo yenye uzito. Ndiyo maana mtindo huu ulishika mizizi katika mabwalo ya vyuo vikuu. Hata hivyo, vyuo vya umma vilipoanza kumtoza mwanafunzi kwa kila mlo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi aligeuka kuwa mteja, na mteja huweza kwenda kula kibandani.

Sasa tuitazame Olkaria. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kazi mwaka wa 1981, na kufikia 1985 ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Baadaye ilifuata mitambo mingine, ikiwemo ya 2003, 2014 na 2019. Kila ujenzi huhitaji mafundi na vibarua wengi, ambao huona njaa kwa wakati mmoja. Hapo foleni na sinia hufaa. Ujenzi ukiisha, hubaki wafanyakazi wachache wa zamu, usiku na mchana. Mwenye mkahawa huachwa na majiko makubwa na walaji haba, ilhali mama wa kibandani hupunguza sufuria moja tu. Aidha, yeye humjua mteja wake na huweza kumkopesha sahani ya githeri hadi mwisho wa mwezi. Foleni haimkopeshi mtu.

Kwa hivyo, anayekusudia kuwekeza asiulize tu walaji ni wangapi. Aulize ni wangapi hula kwa wakati mmoja, na kwa miaka mingapi.