Fundi Akichoka, Kazi Huharibika: Jinsi ya Kujikinga na Uchovu wa Kazi

Katika wadi ya Lindi, Kibra, na pia kule Kawangware, wakazi wengi hujipatia riziki kwa kazi za ubunifu: kushona nguo, kusuka nywele, kutunga shanga, kuchonga mapambo ya mifupa, kuchora mabango, kupiga picha za harusi. Mwenye biashara ndiye mfanyakazi. Hakuna mkubwa wa kumwambia sasa funga uende nyumbani, na simu ya mteja huita hata saa tano usiku.

Wengi wao huishia kuwa na uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauuondoi. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba hali hii hutokana na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa. Haihesabiwi kuwa ugonjwa, lakini ina dalili tatu:

• Kuishiwa nguvu kabisa.
• Kuichukia kazi uliyoipenda, na kumwona kila mteja kuwa kero.
• Kazi kushuka ubora, na kuhisi kwamba huwezi tena.

Kwa msanii au fundi, hasara huingia haraka. Mkono uliochoka hukata kitambaa cha mteja vibaya. Fundi hukilipa, kisha hukesha ili kufidia hasara hiyo, na kesho yake huamka akiwa amechoka zaidi.

Anza na bei

Wengi husema, "Nikipumzika, sitakula." Mara nyingi ni kweli, kwa sababu bei waliyoweka haijahesabu siku ya kupumzika. Tuchukue mfano wa fundi anayeshona gauni kwa Sh1,200. Kitambaa, uzi na stima humgharimu Sh500, na kazi humchukua siku mbili. Anabaki na Sh700, yaani Sh350 kwa siku. Akifanya kazi siku zote 30 za mwezi, anapata Sh10,500.

Akipumzika siku nne, atashona magauni 13 na kupata Sh9,100. Pengo ni Sh1,400. Akiongeza Sh110 tu kwa kila gauni, pengo hilo linazibwa na anabaki na siku nne za kupumzika. Chukua daftari ufanye hesabu hii kwa kazi yako mwenyewe. Ukihofia kupoteza wateja wa zamani, anza na oda mpya.

Panga oda na saa

Jua ni oda ngapi unazoweza kumaliza kwa wiki bila kukesha. Zikifika hapo, mpe mteja anayefuata tarehe ya wiki ijayo. Mteja aliyeambiwa Jumanne akapata Jumanne hurudi. Aliyeahidiwa kesho akazungushwa wiki nzima huenda kwingine.

Omba malipo ya awali, angalau gharama ya vifaa, kabla ya kuanza. Kufuatilia madeni ni kazi nyingine isiyolipwa, nayo huchosha kuliko kushona. Weka pia saa ya kufunga na uibandike mlangoni. Ujumbe wa usiku ujibiwe asubuhi.

Misimu nayo ipangiwe. Desemba huwa na harusi na sikukuu, kisha Januari wazazi hulipa karo na wateja hupungua. Ukiweka akiba kidogo wakati wa kazi nyingi, hutalazimika kukubali kila kazi ya bei ya kutupa wakati wa ukame.

Usibebe peke yako

Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa wakichora mabango ya biashara hapa Kibera. Mwaka wa 2001 walianzisha kundi la Maasai Mbili, ambalo lilikua likawa karakana ya wasanii wengi. Si lazima kundi lako liwe kubwa hivyo. Mafundi watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana kupokezana oda zinapozidi, kushikiana duka mmoja anapougua au kufiwa, na kutouza chini ya bei fulani. Chama chenu cha akiba kinaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Wakati wa kutafuta msaada

Kupanga kazi hakutoshi ikiwa huzuni imedumu zaidi ya wiki mbili, hulali, unategemea pombe ili usahau, au unawaza kujidhuru. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea mtaa wenu, au fika kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Kibera South. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka wa 2022 inazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, kwa hivyo usione haya kuziomba.

Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa kubonyeza *147#. Kwa ushauri wa kisaikolojia, piga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199.

Cherehani hutiwa mafuta kabla haijakwama. Anayeiendesha naye atengewe siku yake, kuanzia wiki hii.