Maumivu Yasiyoonekana Kwenye Eksirei



Katika ziara zetu za viwandani na mashambani, kuanzia vilima vya fosfeti vya Osukuru hadi Tororo mjini na Busia, tumesikia mara nyingi lalamiko la namna moja. Mtu, na aghalabu ni mama, anasema mwili mzima unauma: mabega, mgongo, nyonga, mapaja. Analala usiku kucha na kuamka kama hakulala. Asubuhi vidole vimekaza. Akitumwa vitu vitatu anakumbuka kimoja. Amepimwa malaria, hakuna. Amepigwa eksirei, mifupa mizima. Basi nyapara anasema ni mvivu, na nyumbani wanasema amerogwa.

Ugonjwa huu una jina: fibromayalgia. Si uvivu wala si kujifanya. Duniani inakadiriwa kuwa katika watu 100, wawili hivi au zaidi wanao, wanawake wengi kuliko wanaume. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeuweka kwenye kundi ambalo maumivu yenyewe ndiyo ugonjwa.

Eksirei haioni kitu kwa sababu kilichoharibika si mfupa. Ubongo na mishipa ya fahamu hupokea habari za mwili na kuzikuza kupita kiasi. Fikirini redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho: mtangazaji anasema taratibu, lakini nyumba inatikisika. Kuguswa bega tu, mwili unasikia kipigo. Kwa wengine huanza baada ya ajali, maradhi au dhiki ya muda mrefu. Kwa wengine bila sababu ya kuonekana.

Hatusemi kila maumivu ni haya. Aliyebeba mifuko ya simiti ya kilo 50 tangu asubuhi ataumwa mgongo, na dawa yake ni kupunguziwa mzigo. Mkata miwa vivyo hivyo. Lakini maumivu hayo yana mahali pake, na kupumzika huyapunguza. Haya mengine huenea juu na chini ya kiuno, kulia na kushoto, miezi 3 au zaidi. Kwa kanuni za 1990 daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili, na zikiuma 11 alitoa jibu. Kanuni za 2010 zinauliza pia juu ya usingizi, uchovu na kumbukumbu. Daktari ataangalia kwanza upungufu wa damu, tezi ya shingoni na baridi yabisi. Viungo vikivimba, homa ikishika au mwili ukikonda, msingoje.

Linalotusikitisha ni sindano za diklofenaki zinazochomwa madukani kila mshahara ukitoka. Kwa ugonjwa huu hazisaidii sana, na zikizidi huumiza tumbo na figo. Kinachosaidia ni kutembea na kunyoosha mwili kila siku, dakika chache kwanza, kisha kuongeza. Na kulala saa ile ile (tunajua zamu za usiku zinaliharibu hili). Kwa wengine daktari huandika amitriptilini kidogo ya usiku. Mara nyingi ugonjwa hauishi kabisa, lakini hauharibu viungo.

Sasa haki. Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 humpa mgonjwa aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kumwachisha. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya Kenya ya 2007 inatoa angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, kwa aliyetimiza miezi 2. Ni chache mno kwa ugonjwa wa miezi. Pande zote mbili mwajiri hutaka kuarifiwa na kuona cheti cha daktari, kwa hiyo anayekaa nyumbani kimya huandikwa mtoro.

Kwa maoni yetu, kubadilishiwa kazi ni bora kuliko likizo. Mama anayeshona mifuko amesimama zamu nzima apewe kiti, apewe na dakika za kunyoosha mgongo, atolewe zamu ya usiku. Mwakilishi wa wafanyakazi apeleke ombi hilo kwa maandishi pamoja na barua ya daktari, na nakala ibaki ofisi ya chama.