Je, Wajua Jinsi Vifaa vya Mtandao Vinavyotambuliwa na Kuwekewa Akiba?

Je, wajua ya kuwa swichi iliyoungua kwa radi yaweza kununuliwa nyingine ya namna ile ile siku hiyo hiyo, ilhali usanidi uliokuwa ndani yake, yaani zile amri mia kadhaa ambazo mafundi waliziandika moja moja kwa muda wa miaka, za kugawa mtandao wa ofisi, kuonyesha njia na kuwazuia wasiohusika, hauuzwi katika duka lolote? Kwa sababu hiyo zipo programu ambazo kazi yao ni kuvitafuta vifaa vyote vya mtandao, kuvitambua, kisha kuweka amana nakala ya usanidi wa kila kimoja. Watu huzihesabu kuwa kazi mbili. Mimi nasema ni kazi moja, maana kifaa kisichojulikana hakiwezi kuwekewa akiba.

Msimamizi huanza kwa kuiandikia programu mipaka ya upekuzi wake. Mtandao mdogo wa /24 una anwani 254 za kutumika, na programu huzipigia hodi zote kwa ping, chombo alichokibuni Mike Muuss wa Marekani mwezi Desemba 1983, ikingoja kuona ipi itaitika. Walakini kimya si dalili ya kutokuwepo, kwani vifaa vingi vimeamriwa visiitikie ping. Hivyo haina budi kuuliza pia kwa itifaki ya SNMP, iliyochapishwa mwaka 1988, ambayo husikilizwa katika poti 161. Kifaa kikiulizwa aina yake hujibu kwa silsila ya nambari: ikianza na 1.3.6.1.4.1.9, ni cha kampuni ya Cisco; mahali pa 9 pakiwa na 2636, ni cha Juniper; pakiwa na 14988, ni cha MikroTik. Aidha, kwa itifaki ya LLDP, kila swichi hulitangaza jina lake kwa jirani yake, aghalabu kila baada ya sekunde 30, na programu ikiwafuata majirani hao hufika hata katika kabati ambalo hakuna aliyelikumbuka.

Hapa pataka hadhari. Matoleo ya kwanza ya SNMP hulipitisha neno la siri waziwazi, na vifaa vingi vimeachwa na neno la "public" ambalo kila mdukuzi hulijaribu kwanza. Mwenye nafasi na atumie toleo la tatu, linaloficha maneno kwa msimbo.

Faida ya kuijua aina ya kifaa hudhihirika wakati wa kunakili. Programu huingia katika kifaa kwa itifaki ya SSH na kutoa amri ambayo kifaa hicho chaifahamu: kwa Cisco ni show running-config, kwa MikroTik ni /export. Ikikosea aina, itahifadhi ujumbe wa kosa badala ya usanidi, na hakuna atakayejua mpaka siku ya msiba. Tena Cisco, kwa desturi yake, huonyesha ukurasa mmoja wa skrini kisha husimama ikingoja mtu abonyeze kitufe. Kwa hiyo programu hutanguliza amri ya terminal length 0, ili maandishi yamiminike yote bila kusita. Yafaa ichukue usanidi unaotumika na ule uliohifadhiwa, kwani fundi aliyebadili jambo akasahau kulihifadhi hupoteza kazi yake yote umeme ukikatika.

Katika kazi hii programu ya RANCID ni kongwe, na Oxidized ni mdogo wake, ambaye asipoelekezwa vingine huzuru vifaa kila saa moja. Uzuri wa programu hizi, kwa maoni yangu, umo katika kulinganisha: nakala mpya huwekwa sambamba na ya jana, mstari ulioondolewa ukatiwa alama ya kutoa na ulioongezwa alama ya kujumlisha, hata msimamizi akaona kwa dakika moja kilichobadilika usiku. Katika ruta kadhaa za Cisco mna mstari uitwao ntp clock-period, unaojibadilisha wenyewe kwa kurekebisha saa. RANCID huufuta kabla ya kulinganisha, kwa kuwa msimamizi anayeletewa habari ya mabadiliko yasiyo na maana kila siku huacha kuzisoma, na siku ya badiliko la hatari humpita vivi hivi.

Nakala hizo hubeba maneno ya siri na ramani ya nyumba nzima, basi seva inayozitunza ilindwe kuliko ruta zenyewe, na nakala nyingine iwekwe mbali na jengo hilo. Nawe msomaji, kama umekabidhiwa mtandao wa shule, zahanati au benki, fungua leo orodha ya vifaa vyako, tazama tarehe ya nakala ya mwisho ya kila kimoja, kisha uchukue mojawapo uirejeshe katika kifaa cha akiba uone kama kitafanya kazi.